Uzamili wa mipango miji kwa aliyeko Tanga: Ardhi, Rotterdam, au njia ya Dortmund?

Mwaka huu watu wawili wamenijia na swali moja, kila mmoja kwa siku yake, wote wakanikuta palepale kijiweni Ngamiani ninapokunywa kahawa baada ya alasiri. Wa kwanza ni binti, afisa mipango miji katika halmashauri mojawapo ya mkoa wetu, yuko mwaka wa tano kazini. Wa pili ni kijana aliyemaliza shahada yake Chuo Kikuu Ardhi miaka minne iliyopita. Yeye yuko na kampuni binafsi ya upangaji na upimaji, na siku nyingi utamkuta juani na buti zenye tope, kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango. Wote wanataka uzamili. Binti ameng'ang'ania Ulaya. Kijana amejikatia tamaa mapema: "Mimi kaka narudi Ardhi tu, kwingine kwa wenye hela."

Niliwasikiliza, nikaona kama vile wamechukuliana bahasha.

Sikumuuliza yeyote GPA yake. Nilichowauliza ni hiki: mwaka huu, kazi gani imekushinda hata ukilala unaiota? Binti hakufikiri mara mbili. Alisema ana mchoro wa mipango miji uliopitishwa, una eneo la shule, lina rangi yake na namba yake. Alipokwenda kuwaonyesha wapima mipaka akakuta nyumba zimeshaezekwa, nyingine zina wapangaji. Waliojenga si wavamizi. Wamenunua shamba kwa mwenye shamba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa karatasi yenye mhuri. "Mjomba, pale mimi ndiye nilionekana mvamizi."

Kijana alikuna kichwa kwanza. Kisha akasema kinachomtesa ni hesabu. Wananchi wanachanga, mitaa inapangwa, njia zinaachwa, watu wanabomoa kuta zao kwa hiari ili gari lipite, halafu barabara haiji, mtaro hauji, taa haziji. Miaka mitatu baadaye wanamuuliza yeye. "Sijui hata hela ya mji inatoka wapi ikaenda wapi," alisema.

Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake haziuzwi duka moja. Ndiyo sababu siwezi kumjibu mtu anayeniuliza "chuo gani bora" kabla sijajua anakwenda kutafuta nini.

Tanga yenyewe inataka nini

Aliyeuchora Ngamiani alitumia rula. Barabara zimenyooka, zina namba badala ya majina, viwanja vimepangana, na juu yake tukajenga nyumba yetu ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Mpango huo wa enzi za Wajerumani ulikuwa na ubaguzi wake, maana ulitenga wapi akae nani. Hata hivyo ukitaka kumwelekeza mgeni unamwambia barabara ya nane, kona ya msikiti, na anafika.

Sasa toka nje. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ya 2022 imekaribia laki nne. Zaidi ya watu laki moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na hawakuja kukaa Ngamiani. Mji unatambaa kuelekea Pongwe na Mabokweni, na huko hakuna aliyetangulia na rula. Kwenye rasi ya Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Bandarini kina kimeongezwa hadi mita 13 ili meli kubwa zifunge gatini badala ya kushushia mzigo majini. Na Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka.

Hiyo hatifungani naitaja makusudi. Zamani mtaalamu wa mipango miji alijua kuchora, kugawa matumizi ya ardhi na kuandika ripoti. Leo ndani ya mji mmoja unatakiwa ujue kusoma mkataba wa mkopo wa soko la mitaji, ujue fidia ya bomba, ujue kuzungumza na mwenye shamba aliyeuza vipande 14, na ujue maji ya mvua yatapita wapi baada ya hapo. Hakuna uzamili mmoja unaofundisha yote. Kila chuo kina upande wake, na upande huo ndio nitakaolinganisha hapa.

Ardhi: ukienda na tatizo, unakuta waliolichimba kabla yako

Chuo Kikuu Ardhi kilianza 1956 kama shule ndogo ya kufundisha mafundi wa upimaji. 1974 kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikaingizwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikasimama chenyewe. Mwaka huohuo wa 2007 ndio Bunge lilipotunga Sheria ya Mipango Miji Namba 8, ile tunayoitumia kila siku kupitisha michoro. Walioishi ndani ya mijadala ya sheria ile wamekuwa wakifundisha pale, na hilo utalisikia darasani.

Kwenye uzamili kuna kozi mbili ambazo mtu wa fani yetu atazitazama kwanza. Moja ni ya Mipango na Usimamizi wa Miji. Ya pili ni ya Mipango na Usimamizi wa Maendeleo ya Kanda, nayo nitairudia chini kwa sababu ina mlango wa nyuma wa kwenda Ujerumani. Mbali na hizo kuna taasisi ya makazi ndani ya chuo, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kama kituo cha mafunzo ya nyumba. Kama moyo wako uko kwenye makazi na nyumba za watu wa kipato cha chini, pita pale kabla hujajaza fomu.

Nguvu ya Ardhi ni makazi holela. Nasema hivi bila kuona haya, maana kuna wanaodhani jambo hilo linafundishwa vizuri zaidi London. Uboreshaji wa Hanna Nassif pale Kinondoni miaka ya 1990, mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza 2002, urasimishaji wa sasa: hivyo vyote si mifano ya kwenye slaidi, ni vitu ambavyo mwalimu wako alivitembelea kwa daladala. Profesa Wilbard Kombe ameandika kwa miaka mingi kuhusu namna ardhi ya mijini inavyouzwa na kusimamiwa nje ya mfumo rasmi, mbele ya viongozi wa mitaa na mashahidi. Ukilisoma hilo halafu ukarudi kumtazama yule mwenyekiti mwenye mhuri, unaacha kumwona mhalifu. Unaanza kumwona afisa ardhi asiye na mshahara.

Ndiyo maana nilimwambia binti kwamba tatizo lake linakaa pale Survey, Dar es Salaam, mlangoni kwa Chuo Kikuu Ardhi, wala halihitaji viza. Anachotafuta ni jinsi ya kupata eneo la shule kutoka kwa watu walionunua kihalali machoni pao, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 inayosema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, wakati halmashauri haina hata ya mafuta ya gari. Msimamizi wa tasnifu wa Rotterdam itabidi umweleze kwanza mhuri wa mwenyekiti ni kitu gani. Wa Ardhi atakuuliza ni mwenyekiti wa chama gani.

Udhaifu upo pia, na ni wa pande mbili. Kwanza, unakaa na watu wa nyumbani. Darasa zima limetoka halmashauri zilezile, linajua visingizio vilevile, na kwa hiyo halikushtui. Mtu anasema "bajeti haikutosha," wote wanatikisa kichwa, mjadala umekwisha. Pili ni mtego wa kazi. Tanga na Dar ni mwendo wa basi wa saa tano sita kupitia Segera na Chalinze, na ukaribu huo ndio unaoua tasnifu. Mwajiri anajua unaweza kurudi Ijumaa, basi anakuita Alhamisi. Kozi imepangwa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na nimewaona watu wazuri wakiiburuza hadi watoto wanaanza shule. Si chuo kinachowachelewesha. Ni simu.

Rotterdam: mwaka mmoja, na mji unaotenda kile usichoamini

IHS, taasisi ya masomo ya makazi na miji ya Chuo Kikuu cha Erasmus, Rotterdam, inafundisha wataalamu wa miji kutoka nchi zinazoendelea tangu 1958. Uzamili wake ni wa Usimamizi na Maendeleo ya Miji, miezi 12, kwa Kiingereza. Zingatia neno usimamizi. Hawatakufundisha kuchora. Watakufundisha jinsi mji unavyopata fedha, unavyozigawa, unavyopandisha thamani ya ardhi na kuirudisha sehemu yake kwa umma, na unavyojiandaa na mafuriko na joto. Kuna ubobezi kadhaa wa kuchagua, ukiwamo wa makazi na ardhi, wa mabadiliko ya tabianchi, na wa uchumi wa miji.

Kubwa zaidi ni meza unayokaa. Kushoto kwako mtu wa manispaa ya Kolombia, kulia wa Indonesia, mbele wa Ethiopia. Yule wa Kolombia atakwambia kwao mji unamtoza mwenye ardhi pale barabara mpya inapompandishia bei, na wanajengea mitaro fedha hiyo. Hapo kisingizio cha bajeti kinakwama kooni. Yule kijana wa urasimishaji anahitaji meza hiyo hasa. Michoro anaijua, watu wanamsikiliza, mtaa anaujua kuliko mwalimu yeyote. Hajui hela.

Halafu kuna mji wenyewe. Rotterdam ulipigwa mabomu tarehe 14 Mei 1940 na katikati yake ikateketea. Muda mfupi baadaye manispaa ilitwaa ardhi ya eneo lililoungua, na 1946 ukapitishwa mpango mpya uliochorwa chini ya Cornelis van Traa. Wageni wengi huishia kupiga picha majengo. Mtu wa Tanzania atajiuliza jambo jingine: walipataje ardhi? Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, kwenye karatasi tumewashinda Waholanzi, na bado hatuna pa kuweka shule. Kwao ilikuwa mali ya watu binafsi, ikatwaliwa, ikapangwa upya, ikajengwa. Ukiweza kueleza tofauti hiyo kwa kurasa 60 una tasnifu.

Mfano mwingine ni wa maji. Sehemu kubwa ya Rotterdam iko chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2013 walifungua uwanja wa Benthemplein, ambao siku za jua vijana wanachezea mpira wa kikapu, na mvua kubwa ikinyesha unageuka bwawa la muda mpaka mitaro ipumue. Usiniletee nakala yake Tanga. Sisi mvua yetu inakuja na mchanga na chupa za plastiki, uwanja ule ungeziba masika ya kwanza. Cha kujifunza ni kwamba mtu wa mitaro, mtu wa michezo na mtu wa barabara walikaa kikao kimoja na kila mmoja akachangia bajeti yake. Jaribu kuwaweka meza moja TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mamlaka ya maji na idara ya michezo ya halmashauri, uone.

(Kuna kitu kimoja ambacho Mtanga hatakuwa mgeni nacho Uholanzi, nacho ni baiskeli. Tofauti ni kwamba kule ina njia yake na taa yake, huku inaombwa ipishe bodaboda.)

Sasa ubaya. Miezi 12 ni michache mno. Masomo, pendekezo, kukusanya takwimu, kuandika, vyote humohumo. Muda wa kurudi nyumbani kufanya utafiti unahesabiwa kwa wiki. Swali kama la binti, linalohitaji kukaa mtaani mpaka watu wakuzoee na waanze kusema kweli, halitoshi humo. Utarudi na mahojiano ya haraka na wenyeviti waliokwambia ulichotaka kusikia. Swali la kijana linatosha, kwa kuwa nyaraka za bajeti, taarifa za hesabu na waraka wa hatifungani havihitaji kuzoewa.

Na fedha. Kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya ada ya Uholanzi hailipiki kwa mshahara wa halmashauri, tusidanganyane. Mfuko wa Orange Knowledge wa serikali ya Uholanzi, ambao wengi wetu tuliutegemea, umefungwa. Kimbilio lililobaki ni udhamini kama ule wa pamoja wa Benki ya Dunia na Japani, unaotaka walau miaka mitatu ya kazi ya maendeleo baada ya shahada ya kwanza na unaotangaza kila mwaka orodha ya kozi unazozikubali. Tazama kwanza kama kozi yako imo, ndipo uanze kuandika insha.

Dortmund na kurudi

Hii ndiyo njia ambayo wengi hawaijui, nami naipenda kuliko zote kwa aina fulani ya mtu.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, Ujerumani, kina programu inayoitwa SPRING, iliyoanza 1984, ya mipango ya maeneo katika nchi ambazo uchumi wake unakua. Ni miaka miwili. Wa kwanza unasoma Dortmund. Wa pili unahamia chuo mshirika, na miongoni mwa washirika wake wa miaka mingi ni KNUST, chuo kikuu cha Kwame Nkrumah cha Kumasi, Ghana, na Chuo Kikuu Ardhi. Uhusiano huo si wa makaratasi tu: Profesa Kombe niliyemtaja juu na Volker Kreibich wa Dortmund walifanya pamoja tafiti kuhusu ardhi ya mijini isiyo rasmi hapa kwetu.

Ukiifikiria vizuri unakwenda Ujerumani kisha unarudi Survey. Kijana nilipomweleza alicheka sana: "Kwa hiyo nipande ndege nikarudi nilikotoka?" Ndiyo. Lakini unarudi na mwaka mzima wa kukaa na watu wa mabara mengine, ukiwa umejifunza kuchambua eneo zima badala ya kiwanja kimoja kimoja, na mwaka wa utafiti unaufanyia nyumbani na msimamizi anayeujua mhuri. Kwa Tanga hilo lina maana ya pekee, kwa kuwa mambo yanayokuja hapa hayamalizikii kwenye mpaka wa jiji. Bomba linapita wilaya kwa wilaya. Bandari inavuta malori kutoka Segera. Barabara ya pwani ya Pangani na Saadani itakapokamilika mpaka Bagamoyo, watu watajenga kandokando yake kabla lami haijapoa. Hiyo ni mipango ya kanda, na uzamili wa mji peke yake hauigusi.

Upande wa fedha, vyuo vya umma vya jimbo ilipo Dortmund havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Ila anayejilipia lazima aonyeshe ubalozini kwamba ana fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyozuiwa, unayotolea kidogo kila mwezi, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka. Kwa hiyo njia ya kweli ni udhamini wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa kozi za maendeleo. Unataka walau miaka miwili ya uzoefu, na shahada yako ya kwanza isiwe imepita miaka sita tangu uipate.

Hiyo miaka sita isome tena. Binti yetu ana mwaka wa tano kazini, na kabla ya ajira alikaa mtaani mwaka mzima akisubiri majina yatoke. Mlango unafungwa huku ameushika kitasa. Kijana bado ana nafasi ya miaka miwili.

Wengine, kwa haraka

Enschede, Uholanzi, kwenye kitivo cha ITC cha Chuo Kikuu cha Twente, nenda kama wewe ni mtu wa ramani: setilaiti, droni, mifumo ya taarifa za kijiografia. Taasisi ipo tangu 1950 na Watanzania wengi wa ardhi wamepita. Ni miaka miwili. Kama kazi yako ya kila siku haina kompyuta yenye nguvu wala intaneti ya kueleweka, fikiri mara mbili, maana ustadi huo huota kutu haraka.

London kuna DPU, kitengo cha mipango ya maendeleo cha chuo kikuu cha UCL, iliyozaliwa 1954 ikiwa idara ya usanifu wa nchi za joto na kuhamia UCL 1971. Pale ni mahali pa hoja: nani ananufaika na mpango, nani anaondolewa, kwa haki gani. Panafaa kwa anayefanya kazi na mashirika ya wananchi au anayetaka baadaye kuandika sera. Udhamini wa Chevening wa serikali ya Uingereza unalipa mwaka mzima, unataka saa 2,800 za kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa mtu wa kupitisha vibali vya ujenzi, London itamfanya awe na maneno mazuri na hasira nyingi.

Cape Town ningependa ijulikane zaidi huku. Kituo cha miji ya Afrika katika chuo chao kikuu kimekuwapo tangu 2007, na wanasoma miji yetu bila kuilinganisha kila saa na Ulaya. Ila kwa anayekwenda na tatizo la ardhi, Afrika Kusini ina historia yake ya ubaguzi inayotawala mjadala, nasi yetu ni nyingine.

Dodoma, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ni kwa ndugu zangu wa Lushoto, Handeni, Kilindi na Mkinga ambao kazi yao ni matumizi bora ya ardhi ya vijiji na mipango ya wilaya. Mtu wa mjini atapungukiwa.

Neno "endelevu"

Kila kozi siku hizi imejipachika neno hili, kwa hiyo halikusaidii kuchagua. Uliza wanamaanisha nini. Rotterdam wakisema mji endelevu wanaanza na tabianchi na fedha. Ardhi wakisema hivyo wanaanza na choo, mtaro, maji na uhakika wa milki. London wanaanza na haki. Na asikwambie mtu kwamba jambo hili tumeletewa juzi: Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo duniani kuingia kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa miji endelevu, mwaka 1992, na baadaye ukasambazwa kwenye manispaa zetu nyingine, Tanga ikiwamo. Vikundi kazi vya takataka na vya maeneo ya wazi vilikaa vikao humuhumu. Mtu akitaka tasnifu nzuri aulize vikao vile vilikufa kwa nini.

Jambo jingine ambalo halitenganishi chuo na chuo ni lugha. Kote huko utasoma na kuandika kwa Kiingereza, hata pale Survey. Utarudi na istilahi nzito kichwani, kisha utasimama chini ya mwembe mbele ya watu 80 wanaotaka kujua kwa nini uzio wao urudi nyuma mita tatu. Wote niliowashauri nawapa mtihani mmoja kabla ya kutuma maombi: nieleze swali lako la utafiti kwa Kiswahili, bila neno la kuazima, mpaka muuza kahawa aelewe. Binti alipita mara ya kwanza. Kijana ilibidi ajaribu mara tatu, na mara ya tatu muuza kahawa ndiye aliyemsahihisha.

Makaratasi yanayosahaulika

Mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo haianzi na barua ya chuo. Inaanza na wewe kuwa umethibitishwa kazini na jina lako kuwamo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Afisa utumishi mtafute kabla ya DAAD. Ukichelewa hapo utapata udhamini na utanyimwa safari, na machozi yake nimeyaona.

Shahada ya nje, hata iwe ya chuo kikubwa vipi, itapita kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwa ajili ya kutambuliwa. Usitupe nakala za matokeo.

Na uzamili si usajili. Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji ina sheria yake, nayo ni ya 2007. Kama shahada yako ya kwanza ni jiografia, uchumi au sosholojia, Rotterdam na London watakupokea vizuri, lakini kabla ya kulipa hata senti waandikie Bodi uulize wataichukuliaje shahada hiyo ukirudi. Kwa aliyesoma mipango miji tangu mwanzo hilo si tatizo.

Kuhusu kurudi nitasema kidogo tu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Maafisa wetu waliosoma sana huhamishwa haraka, na wengine hupata mradi Dodoma kabla hawajafungua begi. Kama mwajiri wako anakulipia, tarajia mkataba wa kutumikia, usome vizuri kabla ya kutia sahihi.

Binti nimemwambia ajaribu SPRING mwaka huu huu, kwa sababu mwakani miaka sita itakuwa imemwacha. Akikosa, aingie Ardhi moja kwa moja na swali lake la eneo la shule, na simu yake ya kazi aikabidhi kwa mwenzake. Kijana nimemwomba asahau Ardhi kwa sasa, asome ule waraka wa hatifungani wa Tanga UWASA ukurasa kwa ukurasa, aandike maswali yake, kisha ndipo ayageuze insha ya Rotterdam. Anasema amefika ukurasa wa 30 na haelewi nusu yake. Vizuri.

Wiki iliyopita binti amenipigia simu. Fomu imejaa, nakala zimethibitishwa, imebaki barua ya mwajiri, ile inayosema akimaliza atapokewa tena kazini. Mkurugenzi yuko safarini mpaka Jumatatu.